Hodi Katika Nchi ya Majoka

Watu wa Mosocho humwita Abner wa Milango, ingawa jina lake ni Abner Obwocha na ingawa amewahi kutengeneza vitanda, makabati na, mwaka mmoja mbaya, majeneza. Ukipanda kutoka sokoni kuelekea kanisani utaikuta milango yake pande zote mbili za barabara, na utaijua bila kuambiwa. Ubao wa chini ni mpana kuliko wa juu, na bawaba ni tatu. Mlango wa bawaba mbili, husema, umeanza kuinama siku ulipopachikwa.

Ana miaka sitini na minne. Ni mrefu, na mwili wake umelalia upande wa kulia kidogo, kwa sababu ya miaka arobaini ya kusukuma randa. Si msemaji. Akishapachika mlango hutoka nje, huufunga, kisha hupiga hodi kwa sauti, hata kama nyumba haina paa bado. Mwenye nyumba hutakiwa kuwa ndani na kumjibu. Wateja huona haya kusema karibu ndani ya kuta tupu zenye harufu ya saruji, lakini Abner haondoki mpaka ajibiwe. Hapo ndipo huamini kwamba kazi imekwisha.

Mokua, mwanawe wa pekee wa kiume, alipojenga nyumba yake upande wa chini wa boma, mbele ya migomba, Abner alimtengenezea mlango kwa mbao za mkaratusi alizokuwa amezikausha miaka minne juu ya dari ya karakana. Alipiga hodi. Mokua akajibu kutoka ndani, "Karibu, Tata." Abner akaingia, akazunguka vyumba vyote vitatu, akapapasa kuta, akafungua na kufunga kila dirisha. Miezi mitatu baadaye Mokua alimwoa Sheryl, binti wa watu wa upande wa ziwa, na tangu siku hiyo Abner hajakanyaga tena kizingiti alichokichonga kwa mkono wake. Sasa ni miaka sita.

Kwa Wakisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Jambo hili huitwa chinsoni. Mtu akitaka kulitafsiri haraka atasema ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni ile inayomfanya mtu ateremshe macho mbele ya kitu anachokiheshimu. Wengi wameiacha. Wapo wazee wa rika la Abner wanaokaa kwenye makochi ya wana wao wakitazama mpira mpaka usingizi unawachukua, na Abner hawasemi vibaya. Yeye tu hajaiacha.

Sheryl hakupata tabu kuielewa, maana kwao pia baba mkwe ana mipaka yake. Kilichomsumbua ni majina. Katika Ekegusii, lugha ya Wakisii, baba huitwa tata, na neno baba maana yake ni mama. Kwa hiyo wiki ya kwanza alipomwamkia mzee kwa Kiswahili, "Shikamoo, Baba," mkewe Abner, Damaris, aliacha kuchambua mboga.

"Baba ni mimi," alisema. "Huyo ni tata. Ukichanganya, siku moja utampelekea yeye leso na mimi suruali."

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa, ya kucheka hivyo, hadi mwezi wa pili mwaka huu.

Mokua alikuwa fundi wa kompyuta katika duka la Pratik mjini Kisii. Jioni moja ya manyunyu pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye mteremko ikaingia chini ya lori la ndizi. Mwendeshaji aliinuka na mikwaruzo. Mokua hakuinuka. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika chini, karibu na kiuno, na baada ya wiki tisa hospitalini alirudi nyumbani na miguu isiyosikia kitu.

Sheryl aliutoa mlango wa chumbani kwenye bawaba zake ili kitanda kipite, akakiweka sebuleni chini ya dirisha. Alifanya hivyo kwa sababu mbili. Damaris aliweza kufika sebuleni bila kuvunja heshima yoyote. Na Abner, ambaye hakuweza kufika hata hapo, angeweza kumwona mwanawe kutoka nje. Siku ya kwanza alibeba kigoda chake kutoka karakana, akakiweka barazani mbele ya dirisha, akaketi. Kati yake na mwanawe palikuwa na nondo sita za dirisha.

Mtaalamu wa mazoezi aliyekuja kumtazama alisema mbele yake mgonjwa, bila kupunguza. Mikono ni mizima, kifua ni kizima. Ajifunze kujisogeza kwa mikono, akae kitini, atoke nje apate jua. Akiendelea kulala, vidonda vya mgongoni vitamla na mapafu yatajaa maji, na hapo hatakuwa mgonjwa wa miguu tena. Kiti cha magurudumu kililetwa. Mokua hakukigusa.

"Nitoke nikaonyeshwe?" aliuliza. "Watu wapite hapo barabarani waseme, oneni Mokua, anasukumwa kama mkokoteni wa ndizi?"

"Watasema siku mbili wachoke," Sheryl alijibu.

"Wewe hujui hawa watu. Hawachoki."

Kwa hiyo Abner alitaka kitu kimoja tu, kuliko alivyowahi kutaka chochote: kumwona mwanawe akitoka mlangoni. Alimbembeleza kupitia nondo. Alimkemea. Sabato moja alileta watu wa kanisa wakasimama barazani wakaimba, na katikati ya wimbo pazia lilivutwa, taratibu, kutoka ndani. Baada ya hapo hakusema tena. Alikuja kila siku saa nane baada ya kazi, akakaa, akaondoka jua likishuka nyuma ya mikaratusi. Vidonda viwili vilikuwa vimeshaanza.

Pratik ndiye aliyeleta gemu ndani ya jambo hili. Mashine yenyewe ya kuchezea ilikuwa ya Mokua tangu zamani. Mwezi wa saba Pratik alikuja kumjulia hali, akiwa na pedi ya pili, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, mfukoni.

"Ukicheza peke yako utaanza kuongea na majoka," alimwambia Mokua. Kisha akainyoosha ile pedi kati ya nondo. "Mzee, shika hii. Ni dawa ya mtoto wako, lakini inanywewa na watu wawili."

Abner aliigeuzageuza kama mtu anayetafuta mahali ambapo vipande viwili vya mbao vimeungana. Hakuona. Aliheshimu kazi hiyo.

Runinga ilisogezwa pembeni ili wote wawili waione. Ndani yake kulikuwa na nchi nzima: milima, misitu mizito, mito, vijiji vya mawe, wachawi walioishi mapangoni na majoka yaliyopita juu yakitia kivuli mashambani. Hapakuwa na njia moja ya kufuatwa. Ulikwenda ulikotaka na ulirudi ulipotaka. Jina la gemu lilikuwa la Kiingereza, refu, na Abner hakujaribu kulitamka. Aliiita ile nchi. Mokua alimuumbia babake mtu wa kumchezesha humo, mzee mrefu mwenye shoka.

"Mbona amenyooka hivi?" Abner aliuliza. "Huyu hajawahi kufanya kazi."

Siku hiyo ya kwanza walifika kwenye kibanda cha mkulima kando ya msitu. Mtu wa Mokua aliingia moja kwa moja. Mtu wa Abner alisimama mlangoni.

"Ingia, Tata. Bonyeza hiyo ya chini."

"Ni kwa nani?"

"Kwa mkulima tu."

"Yuko?"

"Yuko, anakoroga sufuria. Si unamwona?"

"Basi aseme karibu."

"Haongei mpaka uingie."

"Mtu gani huyo? Anasikia miguu ya mgeni mlangoni na ananyamaza na sufuria yake?"

Mbwa mwitu alitoka msituni akamrarua yule mzee wa shoka palepale. Skrini ikawa nyekundu, kisha nyeusi, kisha mzee akaamka tena ng'ambo ya mto. Abner alimtembeza upya mpaka kwenye kibanda kilekile, akasimama mlangoni palepale. Mbwa mwitu akaja. Mara ya tatu Mokua alianza kupiga kelele, "Tata, nyuma yako! Ingia! Ingia, Mungu wangu, huyu mzee atakufa kwa adabu!" na ile kelele ikageuka kuwa kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu. Jikoni Sheryl alisimama na mwiko mkononi. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mwezi wa pili.

Siku zilizofuata Abner alijifunza kuingia, shingo upande, nyumba za watu wasiojulikana. Hakujifunza mengine. Mokua alipochukua mkate juu ya meza ya mjane mmoja, Abner alimwambia aurudishe.

"Haurudishiki. Ukichukua, umechukua."

"Kwa hiyo nchi yote hii, mtu anaweza kuchukua na hawezi kurudisha?"

"Hiyo haiko kwa gemu."

"Walioifanya walikuwa na haraka," Abner alisema.

Hata hivyo alirudi kila siku. Sokoni walianza kumtania. Abner wa Milango siku hizi anawinda majoka, walisema, na yeye alijibu kwamba hajaua hata moja, lile la mlimani lina nyumba yake na halijamkosea. Alikuwa amegundua kwamba mwanawe akiwa na pedi mkononi husema mambo ambayo hayasemi akitazamwa usoni. Wakivuka mto wa barafu Mokua alimwambia kwamba kuna wakati anahisi vidole vya miguu vikiwasha na akitazama anaona vimelala tu. Wakipanda ngome alimwambia kwamba Sheryl hulia bafuni, akifungua maji ili asisikike. Abner alibaki karibu yake na shoka lake.

Mwezi wa tisa Mokua alijenga nyumba katika ile nchi. Ilikuwa juu ya kilima, ziwa likiwa chini yake. Siku hiyo walikuwa wametoka kupigana na wanyang'anyi njiani, na mzee wa shoka alikuwa amejeruhiwa vibaya, akiacha matone mekundu kwenye theluji.

"Njoo ndani haraka," Mokua alisema. "Kuna moto. Ukikaa karibu na moto unapona."

Abner alimfikisha mzee mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na ndani, kando ya moto, alisimama mwanamke mwenye nyundo.

"Huyo ni nani?"

"Huyo? Ni mhunzi wa kule kijijini. Nilimwoa wiki iliyopita, unapata silaha za bure."

"Nimesikia!" Sheryl aliita kutoka jikoni. "Mwambie aje basi akufulie mashuka!"

Abner hakucheka. "Umeoa?"

"Tata, ni gemu."

"Nimekuuliza. Umeoa au hujaoa?"

Mokua alimtazama kupitia nondo, akamwona babake hatanii. "Nimeoa," alisema.

Abner aliiweka pedi juu ya goti. Kwenye skrini mzee wa shoka alibaki nje, theluji ikimjaa mabegani, damu ikipungua kidogo kidogo.

"Atakufa hapo," Mokua alisema. "Kwa jambo la bure."

"Si la bure."

"Huku hakuna Mkisii! Hakuna mtu anayekuona!"

"Wewe unaniona."

Mzee wa shoka alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi mbele ya mlango uliokuwa wazi, na skrini ikawa nyeusi. Mokua alitupa pedi kitandani, akavuta pazia. Siku hiyo hasira yake haikuwa ya mchezo tena, na wote wawili walijua. Alikuwa amelala kwa miezi, hatua sita tu kutoka kwenye mlango, na kwa miezi hiyo yote babake alikuwa amekaa upande wa pili, karibu kiasi cha kusikika akipumua, asiingie.

Siku tatu pazia halikufunguliwa. Abner alikuja saa nane, akakaa, akaondoka.

Siku ya nne lilifunguliwa. Mokua alikuwa na simu mkononi na hakutaja yaliyopita.

"Wenye gemu wanatengeneza nyingine," alisema. "Nchi kubwa zaidi. Wameuliza wachezaji wa dunia nzima wanataka iwe na nini. Nikusomee?"

"Soma."

Alisoma akitafsiri. Wengi walitaka majoka ya kupanda mgongoni kama farasi. Wengine walitaka bahari inayoogeleka mpaka chini kabisa, na miji iliyozama humo. Walitaka miti ikatike, mito ihame njia, misimu ibadilike na watu wazeeke. Mmoja alitaka mbwa wake asife kamwe, na watu elfu tisa walikuwa wamemuunga mkono. Mwingine aliomba tu mahali pa kuketi, benchi lolote, aweze kutazama machweo bila kushambuliwa.

"Huyo ana akili," Abner alisema.

"Lakini hili ndilo la kwanza. Watu elfu arobaini na moja. Wanataka kila nyumba katika nchi nzima iingilike. Kusiwe na mlango hata mmoja wa kuchorwa tu. Yote ifunguke, uingie popote."

Manyunyu yalikuwa yameanza juu ya majani ya migomba.

"Na wenye nyumba wameulizwa?"

Mokua alitabasamu bila kutaka. "Wewe ungetaka nini, Tata? Kweli. Nitaandika."

"Nataka hodi."

"Hodi gani?"

"Mtu afike mlangoni, apige hodi, asimame. Aliye ndani asikie. Akitaka aseme karibu. Akitaka atoke yeye mwenyewe nje. Asipotaka, anyamaze. Na huyu wa nje asiwe na kitu cha kubonyeza kinachomshinda aliye ndani."

Mokua alianza kuandika, akafuta, akaandika tena. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini neno hilo hakulipata. Lile la kubisha mlango lilikuwa neno la mkono tu, na hodi ni ya mdomo. Mwisho aliandika maelezo marefu. Alisema kwamba kwetu kuna neno ambalo mtu hulisema akiwa nje, na maana yake ni niko hapa, najua hapa ni kwako, na sitavuka mpaka uamue. Alipomaliza aliyasoma mara mbili, kimya, kabla ya kuyatuma.

Watu kumi na saba waliliunga mkono ombi hilo. Mmoja wao, mwanamke wa nchi ya baridi huko kaskazini, aliuliza swali.

"Anasema, na aliye ndani asipojibu?"

"Unangoja."

"Mpaka lini?"

"Mwandikie hivyo tu. Unangoja."

"Anasema pia, labda aliye ndani ni mgonjwa. Kwa nini usiingie tu umsaidie?"

Abner alitazama kidole gumba chake, pale patasi ilipowahi kupita. Alipojibu alijibu polepole, kama anayepima ubao asije akaukata mara mbili.

"Mwambie nyumba ambayo kila mtu anaingia ni nyumba yenye msiba. Siku hiyo ndiyo watu hawangoji, maana mwenyewe hayupo wa kuwajibu. Mimi mwanangu yuko hai. Ana mke, ana nyumba. Siku nitakayovuka hapo bila haki, hata kama ni kwa huruma, nitakuwa nimesema Mokua hana nyumba tena, ni mtoto amelala kwangu. Watu wote wakisema hivyo waseme. Mimi sitasema."

Mokua alikuwa ameacha kuandika. Hayo hakumtumia yule mwanamke. Alimwandikia tu kwamba unangoja, akaiweka simu kifuani, akageuza uso ukutani. Abner hakujua kama amemuumiza au amemsaidia. Alikaa pale hadi saa kumi na mbili.

Alhamisi iliyofuata Damaris alikuwa amekwenda Sironga kwa dada yake, na Sheryl alikuwa mjini, kwenye kibarua alichoanza wiki hiyo. Saa tisa na kitu walikuwa wanaanza kucheza. Mokua alijipinda kumpenyezea babake pedi kati ya nondo, godoro likateleza, na Abner akasikia kishindo kabla ya kuona chochote. Alipochungulia kitanda kilikuwa kitupu. Mwanawe alikuwa sakafuni, kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua.

"Mokua!"

Hakujibiwa mara moja. Abner alikwenda mlangoni mbio kwa namna ambayo hakuwa amekwenda kwa miaka. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Aliusukuma, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile akaiona sebule ya mwanawe yote, kochi la kahawia, kalenda ya kanisa, viatu vya Mokua vya kazini vikiwa vimepangwa chini ya meza kana kwamba kesho vitavaliwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeinuka.

Mokua aligeuza kichwa. Kutoka sakafuni alikuwa anauona huo mguu kuliko kitu kingine chochote.

"Tata. Usiingie."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Usiingie. Simama hapo hapo, nakuja."

"Wacha nimwite jirani."

"Usimwite mtu. Nimesema nakuja."

Abner aliurudisha mguu nje. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na kwa muda wote uliofuata hakuuachia.

Mokua alijigeuza ubavu, kisha mgongo. Alishika mguu wa kochi akajivuta mpaka akakaa. Akauelekeza mgongo wake mlangoni, akaweka viganja sakafuni nyuma yake, kama alivyoonyeshwa na yule mtaalamu na akakataa, akajisukuma. Makalio yalihama kiasi cha upana wa kiganja. Miguu ikafuata, mmoja kisha mwingine, ikiburuta vidole. Akapumzika. Akajisukuma tena. Mkeka ulikunjika chini yake akautoa kwa kiwiko. Alipofika kwenye meza alipumzika muda mrefu, kichwa kimeinama, shati limelowa na kushikana na mbavu, na Abner aliona jinsi mabega yalivyotetemeka. Mdomo wa Abner ulijaa maneno, pole, basi, inatosha, pumzika nije. Aliyameza moja moja. Kutoka meza hadi mlangoni zilikuwa hatua tatu za mtu mzima. Kwa muda alioutumia, ng'ombe angekamuliwa akamalizika.

Kisha mgongo wa Mokua uligusa kizingiti. Abner alikuwa anatazama kisogo cha mwanawe, nywele ambazo Sheryl alikuwa amezinyoa vibaya nyuma ya sikio. Mokua alijigeuza kwa kuushika mwimo uleule, chini kidogo ya mikono ya babake, akainyanyua miguu yake kwa mikono mmoja mmoja, akaitoa nje, akaiweka kwenye ngazi. Akaegemea. Alikuwa ameketi mlangoni pake.

Miezi mingi walikuwa wametazamana kwa vipande kati ya vyuma, na sasa hapakuwa na kitu katikati. Abner alijishusha taratibu, magoti yakilia, akaketi kwenye sakafu ya baraza upande wa nje.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umezeeka." Mokua alikuwa bado anahema. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu. "Dirishani hukuwa mzee hivi."

"Kiwiko hicho kinauma?"

"Kinauma." Alikitazama kana kwamba amefurahi kukisikia. Kisha akatazama nyuma, ule mwendo wote hadi kitandani. "Sasa nitarudije?"

Abner alifikiri. "Sijui. Sheryl anafika saa kumi na mbili."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Haijafika kumi."

Mokua alifunga macho. "Tutangoja," alisema.

Mvua ya mchana, ambayo ilikuwa ikinguruma upande wa Kiogoro tangu saa nane, ikafika. Iliteremka kwanza juu ya mikaratusi, halafu migombani, halafu ikapiga bati kwa kishindo hata wasiweze kuongea. Barabarani chini ya boma watu walianza kupita wakikimbilia nyumbani. Abner alimwona mwanawe akikaza shingo. Kila aliyepita angeweza kumwona: mtu mzima wa miaka thelathini na tatu ameketi sakafuni mlangoni, shati limechafuka, mbele yake mzee ameketi kwenye sakafu ya baraza kama mgeni aliyekataa kiti.

Mama Gesare, jirani yao wa ng'ambo ya ua, alipita akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, amejifunika gunia la plastiki. Alikuwa miongoni mwa walioimba ile Sabato ya pazia. Alipunguza mwendo, akageuka, akasimama kwenye mvua. Alitazama na hakuficha kwamba anatazama. Abner alijua kwamba jirani huyo akitamka neno la huruma, moja tu, Mokua hatatoka tena.

"Mama Gesare," Mokua aliita, kabla hajaitwa. Sauti ilipanda juu ya kelele za bati. "Habari ya jioni."

"Nzuri, Mokua." Alibaki palepale. Mzigo ulikuwa unachuruzika maji mabegani mwake. "Mvua inakunyeshea miguu."

Mokua aliteremsha macho. Ilikuwa kweli. Ngazi ilikuwa nje ya paa, na maji yalikuwa yakiipiga miguu yake tangu mvua ianze, yakitiririka kati ya vidole, suruali imelowa mpaka magotini. Hakuwa amejua. Abner tayari alikuwa ameanza kuvua koti lake amfunike.

"Wacha, Tata," Mokua alisema, akiitazama miguu yake. "Iache inyeshe."